Blanketi la Dereva

Kaka yangu ni mkaguzi wa majengo, na akiingia nyumba ya mtu macho yake huanza na nyufa. Mwaka huu ufa aliouona kwangu ni Baba. Baba alikuwa ameacha jiko likiwaka mara mbili, na siku moja alimwita mke wa Kaka kwa jina la marehemu mama yetu. Basi Kaka akaja na karatasi za nyumba ya wazee, zenye picha za bustani, akaziweka juu ya cherehani yangu.

"Mdogo wangu, tusidanganyane," alisema. "Kichwa cha mzee kimechoka."

Nilimjibu kwamba kichwa cha Baba ni kizima kuliko chake. Maneno yakawa mengi, na katikati ya maneno hayo ndipo nikalitaja blanketi. Chama cha watu wa kwetu kilikuwa kimeniagiza blanketi la viraka la kutundika ukumbini, lenye ramani ya nchi tuliyotoka: mikoa kumi na minne, kila mkoa ukatwe kwenye nguo ya mtu aliyezaliwa huko. Baba aliendesha lori katika nchi hiyo miaka kumi na minane, na hadi leo chamani jina lake ni Dereva.

"Ataichora nchi kwa kichwa, bila kuchungulia popote," nilisema. "Ikiwa sawa, anabaki hapa kwangu. Ikiwa kombo, natia sahihi."

Kaka alikubali upesi mno, nami nikamchukia kidogo. Tulipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Leteni penseli," alisema.

Alichora siku tatu, amepiga magoti sakafuni juu ya mto, kwenye karatasi yangu ya kukatia. Alianzia bandarini, mahali alipokuwa akipakia mzigo, akaenda barabara kwa barabara huku akijisemea. "Hapa unashuka na gia ya pili. Ukizembea unakwenda kuwasalimia mababu." Mimi nchi hiyo niliiacha nikiwa mgongoni mwa mama. Sikuwa na la kumsahihisha.

Nguo zikaletwa: sare ya nesi, pazia, mtandio, shati la shule lenye doa la wino. Nikaanza kazi, na kazi yangu naijua. Chaki hupigwa upande wa ndani wa kitambaa ili alama isionekane nje. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Nililaza karatasi ya Baba juu ya upande wa ndani wa kila nguo, nikakata. Nikavipanga vipande mezani, ndani kukiwa juu, nikaviunganisha kwa kuufuata mchoro. Kisha nikatandika pamba, juu yake kitambaa cheupe cha mgongo, na juu ya ule weupe nikazinakili barabara zake na kuzipitishia uzi mweusi. Wiki tano nzima nililishona blanketi lile likiwa limelala kifudifudi.

Jumamosi, Baba na Kaka wakiwepo, nililitundika ukutani dukani kwangu, rangi zikiangalia nje. Mwenyekiti wa chama alikuja kulichukua, akiwa na robota la kitambaa cha magauni thelathini ya sare aliyotaka nimshonee. Alipiga makofi. Mama huyu huhutubia kuhusu nchi yetu kila mwezi, na hakuona kitu.

Kaka alitoa simu, akafungua ramani. Akaangalia ukuta, akaangalia simu, kisha akaja kunionyesha.

"Bahari iko upande gani hapo?"

"Kulia."

"Na hapa?"

Hapa ilikuwa kushoto. Bandari, milima, ziwa, kila kitu kilikuwa kimehama upande. Nchi nzima ilikuwa imegeuzwa kama soksi.

Nilijua papo hapo. Ukikata mikono ya gauni unakunja kitambaa, unapata wa kulia na wa kushoto, hakuna kinachopotea. Nchi huipati mbili. Nilikuwa nimeikata kwa ndani, na nje ikatoka kinyume.

Mwenyekiti alikuwa ameanza kunitazama, mkono wake juu ya robota. Ndipo Baba alipoinuka, akasogea ukutani, akaitazama bahari.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimesahau. Kaka yako ana haki, mwanangu. Tia sahihi."

Nikafikiri: ananifichia aibu mbele ya mteja. Na niseme ukweli, nilipumua. Niliona aibu baadaye, ila kwanza nilipumua. Kaka naye hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliitia simu mfukoni akainamisha kichwa.

Nikapanda kigoda, nikalishusha blanketi, nikaligeuza na kulitundika tena kwa mgongo. Juu ya ule weupe, barabara nyeusi zilitoka bandarini, upande wa kushoto, zikapanda milimani. Kaka alitoa tena simu. Alilinganisha mkoa kwa mkoa, kidole hewani, mpaka wa kumi na nne.

"Baba amechora sawasawa," nilisema. "Mimi ndiye niliyekata kinyume."

"Fundi mzima!" Mwenyekiti alisema. Akabeba robota lake, akasema atapita wiki ijayo. Hajapita mpaka leo. Kaka alizichana karatasi zake mara nne na kuuliza kama kuna chai.

Blanketi liko chumbani kwa Baba, weupe ukiangalia nje. La ukumbini nimeanza upya, na sasa chaki naipiga juu. Jumamosi ile jioni, nilipokuwa nikipiga misumari ya kulitundika lile la Baba, nilikuta begi lake limejaa nguo, limefungwa, liko nyuma ya mlango.

"Baba, kwa nini uwongo ule? Ningepoteza mteja tu. Wewe ungepoteza chumba."

Alikuwa ameketi kitandani, anavua viatu taratibu.

"Uwongo gani?" alisema. "Nilipoiona bahari kulia, niliamini nimesahau kweli."

Nikashuka kigodani. Baba alinyoosha mkono, akaweka kidole bandarini, akaanza kupanda na barabara polepole, na kila penye kona alinitajia jina.