Kibano cha Wifi

"Tulia basi," nilimwambia mume wangu. "Nyama haipimwi ikicheka."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba chetu, kifua wazi, amenipa mgongo. Jua la alasiri lilipenya pazia na kumlalia mabegani, na unga wa kiwandani ulikuwa bado umemganda kwenye mikunjo ya shingo. Kila nilipombana ngozi chini ya fupa la bega, mgongo wote ulitikisika. Nilisubiri utulie. Kisha nikaivuta ile ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, nikaweka meno ya kibano kando ya vidole vyangu, nikaachia springi ibane, nikasoma.

"Ngapi?"

"Thelathini."

"Rudia."

Nikarudia: ishirini na nne. Nikarudia tena: thelathini na tatu.

Aligeuza shingo taratibu akanitazama. "Mke wangu, unanipima mafuta au unanipigia ramli?"

Mume wangu alikuwa mwokaji mikate. Wenzake kazini walimwita Hamira, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Mwaka hadi mwaka walimwona akiumuka mbele ya macho yao. Alilibeba jina hilo na tumbo lake kwa furaha ileile, mpaka siku daktari alipomwambia presha imepanda na mafuta ya tumboni ndiyo yanayoichochea. Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa karibu na mlango bila kuvua viatu, kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.

Kibano cha kupimia mafuta alituletea wifi yangu, dada yake wa pekee, mwalimu wa mazoezi. Aliisukuma mizani yetu uvunguni mwa kitanda kwa ncha ya kiatu. "Mizani haijui kubagua," alisema. "Inapima mafuta, maji, mifupa na chakula cha mchana, yote inayaita uzito." Akatuonyesha pa kubana: nyuma ya mkono, mbele ya mkono, chini ya fupa la bega, juu ya nyonga, na kila mahali parudiwe mpaka namba zipatane. "Na mpimaji awe mmoja, wifi. Mkono ukibadilika, hesabu nayo inabadilika."

Kazi ikaniangukia mimi, na hapakuwa na ubishi. Nilikuwa fundi cherehani tangu usichana wangu. Nilikuwa nimepima viuno vya mabibi harusi waliovuta pumzi ndani, na matumbo ya mabwana waliokataa kuyakiri. Hakuna aliyewahi kunirudishia nguo.

Watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa, wamekwenda zao. Mume wangu aliwahi matanuri kabla ya mapambazuko, mimi nilikuwa mtu wa cherehani mpaka yeye amekwisha kusinzia. Tulipishana kama watu wa zamu mbili. Hatukugombana hata kidogo. Tuliulizana habari za gesi na bili ya maji, tukajibizana kwa adabu. Ila ungeniuliza ni lini mara ya mwisho alinitazama mimi, si sahani niliyoshika, nisingekumbuka. Ndiyo maana zile alasiri za kibano zilinipendeza kuliko nilivyotaka kuonyesha. Chini ya kwapa lake niligundua kovu la tanuri nisilowahi kuliona, la zamani, limekwisha kulainika. Nililipitishia kidole nikijifanya natafuta mahali pa kupima.

Lakini namba zilikataa kupatana. Nikatoa hukumu kwamba kifaa ni kibovu. Yeye akakifunga kwenye gazeti akampelekea dada yake, akarudi nacho jioni ileile.

"Kifaa hakina neno," alisema. "Dada kanipima mara tatu, namba moja."

"Kwa hiyo mbovu ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa kunyamaza."

Akacheka, akakivuta kigoda. "Njoo nikupime wewe. Pengine mimi nitakosea zaidi, tucheke wote."

Sikutaka. Miezi ile nilikuwa nakula kama mchwa na mwili hauonekani ulikopeleka chakula. Wateja walinisifu: mama umependeza, mama umerudia usichana. Nilizipokea sifa hizo kama unavyopokea zawadi usiyotaka kuuliza imetoka wapi. Magauni yangu niliyabana pembeni, kisha nikayabana tena, nikakilaumu kitambaa. Uzi ulipokataa kuingia kwenye tundu la sindano, niliyalaumu macho. Jasho nililitupia umri. Mganga hajigangi, na fundi cherehani hajipimi.

Hata hivyo nilikaa. Akanikunja mkono wa gauni hadi begani. Vidole vyake vilikuwa na moto siku zote, na vilikuwa na akili yavyo; angebonyeza donge la unga na kukwambia limekosa nini. Akashika ngozi ya nyuma ya mkono wangu. Akaiachia. Akashika tena, juu kidogo. Kibano kilikuwa pajani mwake na hakukigusa.

"Umekwenda wapi?" aliniuliza.

Nilidhani anatania. "Si niko hapa."

"Hapana. Mkono huu naufahamu. Ulikuwa na kitu cha kushika."

Hapo ndipo alipoviona vidole vyangu juu ya goti, vinatetemeka kidogo kidogo, vyenyewe, bila kuniomba ruhusa. Akaingiza kiganja chake chini yavyo, kama anayebeba kifaranga.

"Tangu lini?"

"Chai hiyo. Nakunywa chai nyingi."

Aliweka kidole kwenye kifundo cha mkono wangu, akainamisha kichwa kusikiliza. "Umekaa kitini," alisema mwishowe, "na moyo wako unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa."

Nikamwambia, kwa sauti niliyojaribu kuifanya ya kawaida, kwamba mama yangu alianza hivihivi, kwa kupungua huku watu wakimsifu, na mwaka haukuisha, tukamzika. Nikamwambia kama ni ule ugonjwa, sikutaka aujue mapema.

"Mapema kuliko nani?" aliuliza. "Nilale kitanda kimoja na wewe, halafu nije kujua mwisho, kama mpangaji?"

Sikuwahi kumsikia akisema neno kwa uchungu namna ile, tena kwa upole namna ile.

Kesho yake hakwenda kazini. Alivaa shati lake la harusi za watu, lile lenye vifungo vinavyolalamika, na kwenye benchi la hospitali alipakata mkoba wangu kwa mikono miwili. Daktari, mwanamke mwenye haraka ya mwili na utulivu wa macho, aliniambia nimeze maji huku ananishika koo. Akanifanya ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ikachezacheza kama iko dirishani. Nikatolewa damu.

Siku za kungoja majibu, mume wangu alikuwa akitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye chumba changu cha kushonea. Hakuwa na la kufanya mle, basi akajitafutia: alinitungia uzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wangu mdogo. Nyekundu, nyeusi, buluu. Nilikuta nyingine zina uzi wa rangi ambazo nguo zake hazikuwepo kabisa. Cherehani ilisema, ikanyamaza, ikasema tena.

Haukuwa ugonjwa wa mama. Ilikuwa tezi ya shingoni, daktari alieleza, imejipa kazi kupita kiasi, inachoma chakula kabla mwili haujaweka akiba. Ina dawa. Tungechelewa, alisema, moyo ungechoka.

Mume wangu aliketi akalisikiliza hilo lote. Kisha akakohoa. "Daktari, hiyo tezi yake haiwezi kuniazima kidogo?"

Daktari alicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kujua ni kicheko au ni kitu kingine, na yeye akafungua mkoba wangu, akatafuta leso, akanipa.

Nilipona polepole. Mpimaji sasa akawa yeye, wa mwili wangu na wa wake pale alipojifikia. Pale asipojifikia nilimaliza mimi. "Wewe panda, mimi nishuke," alisema, "tukutane njiani." Alianza kwenda kazini kwa miguu, na presha ikamsikia. Mwembamba hakuwa, wala wenzake hawakumbadilisha jina. Alihamisha zamu, ili asubuhi tuwe tunaamka pamoja.

Mwaka uliofuata, wifi alipita kutusalimia. Tulikuwa mezani, mume wangu anakata mkate.

"Kaka, kile kibano changu nakihitaji. Nimepata wanafunzi wapya."

"Kimepotea," alisema mume wangu, macho kwenye kisu.

"Kitapoteaje ndani ya nyumba ya watu wawili?"

"Vitu hupotea."

Wifi akanigeukia. Kilikuwa chini ya mto wa kulalia, upande wa mume wangu, ndani ya kifuko cha mahameli nilichokishona mwenyewe. Nilimmiminia chai, nikamsogezea sukari.

Alinitazama, akamtazama kaka yake, akachukua kipande cha mkate.

"Haya," alisema. "Nitanunua kingine."