Chumba cha Sufiani

Mimi Mwanamkuu sina tabia ya kulialia mbele ya watu wa serikali. Lakini mwaka tisini na nane nilikwenda kwa miguu yangu kwa bwana kodi hapa Kibiti, Abdulkarimu, nikamwambia nyumba inanimaliza. Vyumba viwili nimepangisha, kimoja nalala mwenyewe, cha nne ni cha mume wangu Sufiani. Kodi ya serikali ikikatwa yote, itabidi na cha Sufiani nikipangishe, na hilo sitaki hata kulisikia.

Abdulkarimu ni kijana mstaarabu. "Mama, nyumba ya kupangisha huchakaa," akasema. "Huo uchakavu tunautoa kwenye mapato kwanza, ndipo tunakata kodi. Alhamisi nakuja kuuona."

Mimi nilichosikia ni kwamba mgeni anakuja. Jumanne nikakandika kuta, Jumatano nikapiga chokaa, na mlango uliokuwa unaning'inia nikautia bawaba mpya. Ningemkaribishaje mtu wa ofisi kwenye nyufa, waseme Mwanamkuu tangu mume aondoke kawa mchafu?

Alhamisi akazunguka na karatasi zake, akakuna kichwa. "Mama, umeandika nyumba ya mwaka sabini na tisa. Mbona inang'aa kama ya bibi harusi? Nikiandika uchakavu hapa, wakubwa wangu watasema nimekula pilau yako."

Na pilau kweli ilikuwa jikoni. Nikaona aibu, nikaona na hasira, tena hasira za kujikasirikia mwenyewe. Nikamwambia njoo huku, nikamfungulia cha nne.

Nilikuwa sijakigusa tangu mwaka tisini na moja, Sufiani alipokwenda Msumbiji kutafuta maisha. Boriti zake alizikata mwenyewe huko Delta, kwenye mikoko, akazileta kwa mtumbwi, nami sikutaka fundi mwingine atie mkono. Sasa boriti tu ndizo zilizosimama. Fito zimeliwa na mchwa, ukuta umepasuka, bati linavuja. Kanzu yake ipo msumarini, shoka lipo chini ya kitanda. Barua ilikuja moja tu.

"Huu sasa ndio uchakavu," Abdulkarimu akasema, akatoa kalamu. "Mpangaji wa humu nani?"

"Hakina mpangaji. Kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nikaikung'uta kanzu vumbi.

"Mama, kisichopangishwa hakiingii kwenye hesabu. Kama kuna mtu anakilipia, niambie niandike. Kama hakuna, siwezi."

Jina moja tu la uongo, naye angeandika, nami ningepumua. Lakini nikishamtia mpangaji humu, hata wa kwenye karatasi, miaka saba hii nimekuwa namngoja nani? Nimemtamani yule mwanamume mpaka nimechoka kumtamani.

"Andika hakina mtu," nikasema. Kulitamka hilo kuliniuma kuliko kodi yenyewe.

Akala pilau yake, akaenda zake. Jumamosi nikampangisha mwalimu Mwanabaraka chumba changu mwenyewe, kile cheupe chenye chokaa mpya, na kodi ya serikali ikalipika.

Mimi nikabeba nguo zangu nikahamia cha Sufiani. Vumbi la mchwa linaniangukia usoni, na mvua ikinyesha nasogeza ndoo. Nalala upande wa mlangoni. Wa ukutani ni wake, na mpaka leo sijaulalia.