Abudu Ametoka

Lanyero alistaafu polisi akiwa na cheo cha sajini, goti moja bovu, na muda mwingi kuliko alivyojua kuutumia. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuandika kwa mkono maelezo ya watuhumiwa. Kwa hiyo alipoliona tangazo kwenye nguzo ya umeme pale Bukoto, "Jifunze Kutengeneza Aplikesheni za Simu kwa Wiki Kumi na Mbili, Umri Si Kizuizi", alilisoma mara mbili kama anayetafuta uongo, asiuone. Akajiandikisha.

Alikuwa na sababu yake. Kwenye ghorofa alikopanga, maji yalipatikana kwenye bomba moja tu uani, bomba lilitiwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mzee Abudu, mwangalizi wa nyumba. Abudu alifungua alipojisikia. Leo saa kumi na mbili asubuhi, kesho saa nane mchana, keshokutwa akishamaliza kusikiliza redio. Na akifungua ilikuwa kwa muda wa saa moja tu, kisha anafunga anarudi kulala. Wapangaji sitini na wawili waliishi maisha ya kuchungulia madirishani. Lanyero alitaka kitu rahisi: atakayemwona Abudu ametoka na ufunguo abonyeze simu yake, na simu za wengine wote zilie.

Chuo kilikuwa juu ya duka la kuku wa kukaanga. Mwalimu wake, Erinayo, hakutaka kuitwa mwalimu, alitaka Kocha. Alivaa viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na matope, na kadi yake ilisema: Mwanzilishi, Mbunifu, Mwenye Maono. Alifundisha kwa Kiswahili kwa kuwa nusu ya darasa walikuwa Wakongomani, na waliobaki wengi walikulia kwenye kambi za polisi na jeshi, ambako ndicho kinachozungumzwa.

Wiki ya kwanza kila mwanafunzi alisimama akasema, "Mimi ni mwanzilishi." Wakapatikana waanzilishi kumi na tisa wa vitu ambavyo havijaanza. Wiki ya pili walichora nembo. Ya tatu walipimwa fulana. Ya nne walifundishwa namna ya kutabasamu mbele ya mwekezaji bila kuonyesha shida.

Wiki ya tano Lanyero aliinua mkono. "Kocha, tutaanza kuandika lini?"

"Kuandika nini, mama?"

"Hiyo programu yenyewe."

"Ah, kodi." Erinayo alicheka kwa upole. "Nyabo, mama yangu, kodi ni mambo ya fundi. Wewe uko mkurugenzi. Hebu niambie, kodi inakuhusu nini?"

"Yangu nalipa kila mwisho wa mwezi," Lanyero alisema. "Muulize mwenye nyumba."

Darasa likacheka. Msichana aliyekaa nyuma yake akamwinamia sikioni. "Si hiyo, afande. Wanaita kodi yale maneno unaandika, simu inatii."

"Inatii?"

"Ukiandika vizuri."

Maneno hayo machache yalimfaa kuliko wiki tano za Kocha. Msichana aliitwa Zuleika, Mnubi, fundi wa simu mwenye kibanda soko la Bukoto. Alikuwa amejifundisha mengi peke yake kwa kutazama masomo ya bure mtandaoni, na siku ya pili tu ya kozi alishagundua kwamba anajua kuliko Kocha.

"Sasa unakuja kufanya nini?" Lanyero alimuuliza.

"Wanatoa cheti."

Tangu hapo, darasa likiisha, Lanyero alikwenda kibandani. Laptopu ya Zuleika ilikuwa imeng'oka herufi N, ikabonyezwa kwa kijiti cha kiberiti. Ilimchukua Lanyero siku tatu kuifanya simu iandike neno "Habari" kwenye kioo, na siku ilipokubali alikaa akiitazama simu hiyo. Zuleika akajifanya anatafuta bisibisi.

Yaliyofuata yalikuwa makosa. Maandishi mekundu yalitokea kila saa. Siku moja mashine ilisema kosa liko mstari wa arobaini, na Lanyero akauchunguza mstari huo tangu asubuhi hadi adhuhuri asione ubaya wake.

"Hapo ndipo imeshtuka tu," Zuleika alimwambia. "Kosa lenyewe limefanyika juu." Akamwonyesha mabano yaliyofunguliwa mstari wa kumi na mbili, yakasahauliwa kufungwa.

Hilo Lanyero alilielewa mara moja. Mbuzi wa wizi hukamatwa buchani, lakini hakuibiwa buchani. Kuanzia siku hiyo, kila kosa lilipotokea, aliacha kulitazama lilipo akaanza kuuliza lilikotoka.

Wiki ya kumi kitu kilikuwa tayari: kitufe kimoja cha kijani katikati ya kioo, kimeandikwa ABUDU AMETOKA. Alikiweka kwenye simu yake na za majirani watano. Jumatatu saa tisa alasiri, mama mmoja wa ghorofa ya juu aitwaye Amony alibonyeza. Abudu alipofika bombani alikuta wanawake watano wamepanga madumu, akatazama nyuma yake kama mtu aliyesalitiwa na kivuli chake. Baada ya wiki moja ghorofa nzima ilikuwa nayo.

Habari zikamfikia Erinayo kwa wakati mzuri, kwa sababu shirika lililofadhili chuo lilikuwa linamtuma mtu kuja kuona matunda, na matunda yaliyokuwepo yalikuwa fulana.

"Mama, hiyo apu yako tutaiweka chini ya chuo," alisema. "Sisi ni familia."

Lanyero hakuona ubaya. Siku ya maonyesho ndipo aliposoma maneno yaliyomulikwa ukutani: Abudu Ametoka, Imebuniwa na Kocha Erinayo. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: kwa msaada wa wanafunzi.

Mjumbe wa shirika aliitwa Valère, mtu wa Bukavu, mpole, mwenye daftari. Alitazama kitufe, akakibonyeza, akasikia simu zinalia ukumbini. "Naweza kuomba kitu kidogo?" alimuuliza Erinayo. "Hii kitufe, ifanye nyekundu."

"Mabadiliko kama hayo yanapitia kwenye timu."

"Timu iko wapi?"

Erinayo akageuka kumtazama Lanyero. Chumba cha mahojiano kilimfundisha Lanyero kwamba ukinyamaza, mwenzako atajaza nafasi. Erinayo akajaza. Alizungumza juu ya seva zilizo Ulaya, juu ya wingu, juu ya utoto wake Mengo alipoona maono kwa mara ya kwanza. Jasho lilipomfika kwenye kola, Lanyero aliinuka na goti lake, akaketi mbele ya laptopu, akafuta neno moja akaandika lingine. Kitufe kikawa chekundu.

"Ni yako?" Valère aliuliza.

"Yangu na Zuleika."

"Nzuri sana. Sasa itafika Afrika nzima kwa njia gani?"

"Abudu ni mmoja," Lanyero alisema.

Valère alingoja, akidhani kuna maelezo zaidi. "Lakini tunatafuta watumiaji milioni moja."

"Uani kwetu hawatatosha."

Valère akaandika kitu daftarini, na kwa uso wake Lanyero alijua kesi imekwisha. Zawadi ya maonyesho alipewa kijana mmoja aitwaye Ojera, kwa aplikesheni itakayomuunganisha kila ng'ombe wa Afrika na setilaiti. Haikuwa na mstari hata mmoja uliokwisha kuandikwa, lakini ilikuwa na ng'ombe wa kadibodi aliyepakwa rangi vizuri, na ng'ombe wako kila nchi. Erinayo alisifiwa kwa kukuza vipaji. Wakati wa picha Lanyero aliombwa asogee pembeni, maana hakuvaa fulana.

Alikasirika wiki nzima. Si kwa ajili ya zawadi. Aliwahi kuona vyeo vikipita mbele yake vikienda kwa wenye viatu vinavyong'aa, akazoea. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameanza kudhani mashine imemtoa kwenye ulimwengu huo, kwa kuwa mashine haimpendelei mtu. Haikumtoa. Zuleika alipata cheti chake kimeandikwa "Zureika". Mwezi uliofuata bango la juu ya duka la kuku lilibadilishwa likasomeka Chuo cha Akili Bandia, wiki kumi na mbili, kocha yuleyule.

Kisha mzee Abudu akabisha mlangoni, ana simu mkononi. Lanyero alijiandaa kwa ugomvi.

"Afande, nasikia niko ndani ya simu za watu."

"Ni kweli, mzee."

"Basi nitie na mimi."

Akamtia. Kumbe Abudu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu asiyetazamwa. Sasa alibonyeza mwenyewe akiwa bado kitandani, akasikiliza ghorofa nzima ikilia, halafu akatafuta viatu taratibu. Watu wakapata maji, hata akazidisha nusu saa.

Ijumaa moja simu zililia saa nne asubuhi. Wapangaji wakapanga madumu uani, jua likapanda, Abudu haonekani. Lanyero akampigia.

"Mzee, uko wapi?"

"Bombo, kwenye mazishi ya binamu yangu."

"Mbona umebonyeza kwamba umetoka?"

"Si nimetoka?" Abudu alisema. "Nimetoka tangu alfajiri. Nilitaka mjue."

Lanyero aliwaeleza watu uani, wakabeba madumu yao matupu wakarudi ndani wakinung'unika. Yeye akachukua mkoba akashuka sokoni kwa Zuleika kuandika kitufe cha pili, ABUDU HAYUPO. Kilikataa mara nne. Mara ya tano kikakubali.