Springi ya Mizani ya Jikoni

Asubuhi ya mashindano ya mbio za mashine za kukata nyasi, zile za kuendesha umekaa, kule Sussex, Uingereza, springi ya gavana, ile inayozuia injini isikimbie kupita kiasi, ilikatika kwenye mashine ya Beryl Tugwell. Akachomoa springi ya mizani yake ya jikoni, akaifunga hapo.

Mkaguzi, Bwana Kenward, aliiona mara moja. "Bibi, daraja hili ni la injini zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani."

"Haijaniongezea mwendo hata kidogo!"

"Najua, lakini kanuni ndiyo hiyo. Urudi nyumbani, au uingie na wale walioongeza nguvu injini zao. Watakumeza."

"Basi waje na chai ya kuniteremshia tumboni. Niandike huko huko."

"Shangazi, tukuletee mto ulale njiani?" alimtania Dudley, bingwa wa daraja la injini zilizoongezwa nguvu. Lakini yeye huyohuyo aliinama akamkazia mkanda wa kofia uliokuwa umelegea.

Mbio zilipoanza, walimpita mara tatu, matope yakimrukia usoni. Beryl hakutoka uwanjani mpaka alipomaliza mizunguko yote, wenzake wakiwa wameshazima injini.

"Wa kumi na mbili," Kenward alisema, akiandika.

"Wa kumi na mbili kati ya wakubwa," Beryl alimsahihisha. "Na Jumapili ijayo naja tena."