Rangi Juu ya Boriti

Uvumi ulianzia kwenye kinu cha mahindi, na Hermelinda hakuweza kuutoa sikioni: boriti za roshani ya kwaya zimeliwa ndani kwa ndani, zimesimama kwa rangi tu.

Jumapili, parokia ya San Bartolo ingetimiza miaka mia. Historia yake ilikuwa imeandikwa kwa rangi. Kila mwaka, sikukuu ya mtakatifu somo wa kanisa ilipokaribia, wanachama wa udugu, chama cha waumini wanaolitunza kanisa, walizipaka boriti buluu, tabaka juu ya tabaka. Tetemeko lilipouangusha mnara, walipaka. Askari walipomfukuza padri, walipaka. Hakuna aliyewahi kukwangua. Kukwangua kungekuwa kufuta mikono ya marehemu.

Na Jumapili watoto arobaini wangeimba pale juu, Nohemí wake akiwa mstari wa mbele.

"Mwanangu, utaimba chini, karibu nami."

"Mama nawe! Beti ya peke yangu je? Watampa Yesenia, na anavyobweka yule!"

Hermelinda akacheka bila kutaka, kisha akavaa viatu. Akashika njia ya kanisani. Mzee Toribio, mkuu wa udugu, alikuwa juu ya ngazi ya miguu minne, brashi mkononi, akipaka tabaka la mia.

"Mzee, nasikia humo mna mchwa."

"Mchwa kwenye mti wa mtakatifu? Mama Nohemí, juzi uliogopa mvua, jana mbwa. Kesho utaiogopa hata tortilla mezani!"

"Basi gonga tusikie."

"Babu yangu alizipaka hizi. Nimgonge babu yangu?"

Hermelinda aliishia darasa la tatu. Hakuwa na maneno ya kushindana na babu wa mtu. Akachomoa pini nywelani, akapanda upande wa pili wa ngazi, akaichoma boriti. Aliomba igome. Ikazama hadi kichwani, kama katika kinyunga cha unga wa mahindi wa tamale. Alipoivuta, vumbi la kahawia likatiririka polepole juu ya brashi ya mzee.

Toribio aliligusa tundu lile kwa kidole. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Askofu anakuja, mama. Tuivuke Jumapili hii tu."

Hermelinda alirudi nyumbani, akachana karatasi katika daftari la Nohemí, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda, akaja kuipigilia mlangoni pa kanisa mchana kweupe, watu wakitazama:

Msipande roshani, hata kama ni mtu mmoja.
Msipige kengele kubwa.
Msilipue fataki karibu na ukuta.
Msiweke viti chini ya boriti.
Msimpe Yesenia beti ya Nohemí. Mwanangu ataimba, ila akiwa chini.
Msizibe tundu nililotoboa.
Msipake rangi.