Masikio ya Habineza

Asubuhi ya soko Habineza alikunywa chai, akafunga kamba za viatu, akavua masikio yake na kumpa mkewe, Mukandori. Mukandori aliyapangusa kwa pindo la kitenge, akayaweka ndani ya icyansi, kile chombo cha mti cha maziwa, akafunika. Kisha Habineza akashuka sokoni Karuba kusaga mahindi ya watu.

Mashini yake ya kusagia ilikuwa kuukuu na ilipiga kelele kutwa. Baba yake aliitumia mpaka akawa kiziwi. Huko juu mlimani nako bunduki zilijibizana karibu kila juma. Muuguzi alishamwonya Habineza kwamba sikio likiharibiwa na mlio halirudi, akamshauri avae vifuniko. Alinunua vyekundu vya plastiki kule Goma. Askari wa bariere, wale wanaofunga barabara kwa mti na kudai chochote, walivichukua siku hiyohiyo. Mmoja wao sasa anavivaa akipiga risasi, maana hata mpiga risasi anapenda masikio yake. Ndipo Habineza akaanza kuyaacha yake nyumbani. Majirani walisema ni busara. Mama yake tu ndiye aliyenuna, kwa sababu icyansi hakitiwi kitu kingine ila maziwa, lakini alipohakikishiwa kwamba masikio yanaoshwa kwanza, alinyamaza.

Yakiwa nyumbani, yalisikia ya nyumbani. Katikati ya vumbi la unga Habineza alisikia ng'ombe akikamuliwa na mkewe akigombana na kuku. Mukandori akitaka chumvi, alifunua chombo akasema chumvi, na jioni chumvi ilifika. Wanawake wengi wenye waume wa masikio kichwani hawakupata bahati hiyo.

Siku hiyo ya soko, wenye bariere waliitoa darajani, mahali Habineza alipozoea kusimama mwenyewe, wakaipeleka kwenye kona ya mikaratusi bila kumwambia mtu. Habineza alikuwa anarudi na unga begani, nyuma yake Annonciata, muuza maziwa. Askari mmoja alimwamuru asimame. Habineza aliendelea kutembea akimsikiliza Mukandori, aliyekuwa anaosha vyombo na kuimba wimbo wa kanisani. Askari aliamuru tena, akainua bunduki. Annonciata akawahi kusema:

"Shefu, huyu hasikiake."

Neno hilo kwetu lina milango miwili. Kiziwi hasikii, na mkaidi hasikii. Askari akaingia kwa mlango alioutaka.

"Wenye hawasikiake, njo tunafundishaka," akasema, akafyatua.

Habineza aliusikia mlio huo kutoka nyumbani, kwa mbali, chini ya mfuniko. Alidhani kuna mtu mwingine amepigwa, akamhurumia. Kisha akaanguka na unga wake.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa. La Habineza halikuwa la kufa. Muuguzi aliyachunguza yote mawili siku ya mazishi, akasema hajawahi kuona yaliyotunzwa vizuri namna ile. Mchungaji alitaka yazikwe pamoja na mwenyewe. Mukandori alikataa, akaeleza kwamba mumewe bado hajaambiwa, na yeye hajapata mdomo wa kumwambia. Alikwenda kulilia nyuma ya zizi ili mumewe asimsikie. Aliporudi aliimba kama kawaida na kugombana na kuku, na moyoni alimchukia yule askari bila kuona haya.

Baada ya juma moja askari huyo alikuja kudai maziwa, kama wanavyodai kwa kila mwenye ng'ombe. Aliketi kwenye kiti cha Habineza, akanyoosha miguu, akasimulia habari za bariere na kucheka peke yake. Mukandori alimpa kikombe. Kisha akakileta icyansi karibu, akaondoa mfuniko, akainama.

"Papa Gentil," akasema polepole, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "ulishakufa. Mwenye alikuua njo huyu iko anacheka. Sikia muzuri sauti yake."

Ndani ya chombo masikio yalisogea, yakageuka upande wa kiti. Askari aliyatazama, akapangusa mdomo, akasema maziwa ni kidogo. Mukandori akamwongezea.