Ugoro wa Manjano

Pale Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, mchimbaji hanunui ugoro mpaka muuzaji aubwie kwanza mbele ya macho yake. Ukikataa kuonja, funga kibanda ukalale. Paskalia, Mama Abel, alikuwa ameonja hivyo miaka na miaka, mpaka baka jeupe likaota kwenye fizi yake ya chini na likakataa kutoka.

Dokta Agnetha alilitazama, akakunja uso. Alimwambia aache ugoro kuanzia siku ile, na Jumatano arudi akatwe kinyama kidogo kikapimwe, ijulikane kama ni saratani.

"Na manjano je, dokta? Nasikia yanazuia."

"Yanafanyiwa utafiti, mama, hata chai ya kijani pia. Kwenye maabara kuna dalili nzuri, ila kwa watu bado hatuna uhakika. Yatie kwenye mboga, hayana neno. Lakini yasiwe kisingizio cha kubaki na ugoro."

Kosa la Paskalia lilikuwa kumsimulia shemeji yake, Thobias, mwenye kile kibanda alichouzia na mleta tumbaku kutoka Masumbwe. Mtu huyo akisikia mvua inakuja, ameshauza miavuli. Wiki haikuisha, akaja na gunia la manjano, akayachanganya na ugoro na kubandika karatasi mbele ya kibanda: UGORO WA KINGA, SARATANI BASI.

"Shemeji, Jumatano ni mnada, soko litafurika," akasema. "Wewe onja tu, maneno niachie mimi. Hospitali haihami."

"Na ugonjwa wangu?"

"Si ndiyo dawa yenyewe hii? Ukikataa, kibanda nampa mwingine."

Jumatano wachimbaji walijaa mbele ya kibanda, na Thobias akahubiri kama kazaliwa na kipaza sauti. Alipomaliza, akamnyooshea Paskalia kiganja chenye unga wa njano. Paskalia aliogopa, tena sana, maana kibanda kile ndicho kilichomlisha na kumsomeshea Abel. Lakini hasira ilimzidi. Akauvuta mdomo wake wa chini mpaka fizi yote ikaonekana.

"Tazameni! Sogeeni, siumi mtu. Hili nimelipata kwa kuwaonjea ninyi. Ugoro ni ule ule, kaupaka rangi tu. Leo sionji, na kesho sionji!"

"Unaniharibia, Mama Abel!" Thobias akafoka. "Jamani, msimsikilize. Ugoro huu ni salama kabisa."

Ngusa, msimamizi wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, alimgeukia bila haraka. "Basi bwia wewe, bhabha."

Thobias akacheka, akacheka peke yake. Tangu azaliwe hajawahi kutia ugoro mdomoni. Yeye alikuwa wa kuuza tu. Mkono wake ulipanda mpaka kidevuni ukakwama hapo hapo. Waliokuwa wameshatoa hela wakazirudisha mfukoni.

Paskalia hakungoja kuona Thobias ataufanyia nini ule unga. Alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akajitanda, akaenda zilikosimama pikipiki. Kibanda ndiyo kimekwenda, na kile kinyama kitakuja na majibu gani, hakuna aliyejua.

"Wapi, mayu?" dereva akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hospitali. Wakitaka kukata, wakate. Mdomo ni wangu."